Kijiji Kisicho na Milango

Usiku wa kusubiri lori kutoka mpakani, mwalimu mkimbizi aliendelea kuandika hadithi yake jikoni kwa Febronia, mjane wa kijiji cha Kirushya aliyemhifadhi. Alipotezana na mkewe walipokuwa wakikimbia Burundi, na watu walisema huenda yumo kwenye lori hilo. Aliandika kama siku zote: analamba penseli, ananyoosha karatasi ya mfuko wa unga kwa kiganja, kisha anasoma kwa sauti ya darasani. Kijiji cha hadithi yake hakikuwa na njaa, askari wala milango, kwa kuwa mlango wa kwao Burundi ulivunjwa kwa mateke. “Sasa mgeni atapiga hodi wapi, Mwalimu?” Febronia aliuliza. “Hakuna hodi, mama. Watu wanaingia tu.” “Waingie mimi naoga? Hicho kijiji sihamii, hata unigawie shamba la migomba bure!”

Mwalimu alicheka, akaendelea kuandika. Lakini honi iliposikika barabarani, mkono wake ulisimama. Akafuta mstari kwa kidole chenye mate, akaandika upya, akasoma: “Kila nyumba ilikuwa na mlango.” “Umeshakiharibu kijiji chako,” alisema Febronia. “Kiharibike, mama. Mke wangu haingii kwa mtu bila kupiga hodi.” Wakautazama mlango. Lori lilishusha watu, likaondoka. Sauti zikakaribia, zikapita, zikapotea. Mlango ukabaki umefungwa. Febronia akasogeza kibatari karibu na karatasi. Mwalimu akalamba penseli, akaanza kuandika nyumba ya pili.