Mkono Mkavu kwa Mama Mkwe

Mikono yangu ilitoa jasho tangu darasa la kwanza. Hata Julai, Ruiru nzima ikiwa ndani ya majaketi, mimi nilikuwa nalowesha vitabu. Kanisani mchungaji akisema, "Msalimie jirani yako," mimi nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba.

Kisha nikapata mpenzi, binti wa Kiganjo kule Thika, na mwaka jana akaniambia mamake anataka kuniona. Nilikuwa nimeshawahi kuonwa na mama wa binti mwingine, pale Ngoingwa. Yule alinisalimia, akautazama mkono wake, akaupangusa kwa leso polepole, vidole vyote vitano. Sikuitwa tena. Huyu binti wa Kiganjo nilimpenda, sitaficha, na sikutaka kumkosa kwa sababu ya kiganja. Nikaomba mamake anisubiri miezi mitatu, nikaenda kutafuta daktari. Mpenzi wangu nilimwambia ni mambo ya kazi.

Daktari alieleza vizuri. Angenitoboa chini ya makwapa, apite kando ya mapafu, akate mshipa wa fahamu unaoamrisha mikono itoe jasho. "Ukishakatwa haurudishiki," alisema. "Na jasho linaweza kuhamia mgongoni, tumboni, mapajani. Wengine hujuta." Nikatia sahihi, karatasi ikalowa, akanipa nyingine.

Nilipozinduka mikono ilikuwa mikavu. Nililia, na sioni haya kusema. Wiki ya tatu, nikila githeri, mgongo ukafunguka kama mfereji. Daktari hakuwa amenidanganya hata kidogo. Nikawa nabadilisha shati mara tatu kwa siku, na mikono nayo ikawa inapasuka nisipoipaka mafuta. Lakini ilikuwa mikavu.

Siku ikafika, nikaenda Kiganjo nimevaa koti jeusi la kuficha jasho. Mamake ni Mluhya wa Bungoma. Aliletwa Thika na kazi ya kiwandani kabla binti hajazaliwa. Alipotokea jikoni nilisimama, nikamnyooshea mkono. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo.

"Mayo!" Akarudi nyuma hadi mlangoni, mikono ameificha mgongoni. "Kwani huyu hajaambiwa? Kwetu mkwe hashiki mama mkwe mkono! Keti huko, baba. Mimi nitakaa huku."

Nyumba nzima ikacheka. Mjomba wao akaniambia nishukuru, maana nimeitwa mkwe hata kabla ya chai. Nikashukuru. Ndani ya koti, shati lilikuwa limenigandama mgongoni.

Tulipotoka nilimweleza mpenzi wangu ukweli wote. Alisimama katikati ya njia.

"Ati ulikatwa kwa sababu ya mum? Si ungeniuliza tu! Ningekuambia hawezi kukushika."

"Sikujua kuna la kuuliza."

"Ngai!" Hilo la kumwita Mungu kwa Kikuyu alilitoa kwetu. Akauchukua mkono wangu, akaugeuzageuza, na nikaona amehuzunika kweli. "Mimi nilikuwa nimezoea ile mikono ya kwanza. Ukinishika ilikuwa inalowa, najua huyu mtu anaogopa kunipoteza. Sasa nitakuwa nikijuaje?"

Nilimwambia anishike mgongo. Akapitisha mkono ndani ya koti, akauacha hapo hapo, na tukaendelea kutembea.