Tumbaku Kwenye Meza ya Ardith

Ardith Wabose aligawa karata katika kasino yetu kwa miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo alitandika vitanda hotelini ghorofani. Na kabla ya hapo, wakati hapa penye kasino pakiwa bado na misonobari mpaka ziwani, alifuatana na bibi yake nyumba kwa nyumba akijifunza kuwapa watu majina. Siku hizo kila kijiji chetu sisi Waojibwe, wenyeji wa asili wa Marekani, kilikuwa na wazee wanne watano wa kazi hiyo. Katika hifadhi yetu, ardhi tuliyotengewa na serikali, alikuwa amebaki yeye peke yake, nasi tukamvisha kizibao cheusi na tai ya kipepeo.

Jumanne moja adhuhuri, karata zikiwa zimeshagawiwa, mzee Leonard Chosa aliingia na theluji mabegani. Hakuketi. Alinyoosha mkono juu ya kitambaa cha kijani, kiganjani kifuko cha tumbaku.

"Dada, kitukuu changu yuko hospitali Duluth. Kesho asubuhi wanampasua moyo. Hana jina."

"Si anaitwa Kayla?" aliuliza Dale, msimamizi wa meza, mtoto wa kaka yake Ardith.

"Hilo ni la serikali. Wahenga hawalijui."

Kwetu anayepokea tumbaku amekubali ombi. Asiyepokea amekataa, na haombwi tena. Katika kasino, mgawa karata hapokei chochote kutoka mkononi mwa mteja. Akipokea, kibali chake kinafutwa siku hiyohiyo. Kanuni hii ya pili tuliipigia kura wenyewe, nami nikiwemo, tukijiona tumeendelea.

"Shangazi, usishike," Dale alinong'ona. "Kamera. Babu, rudisha mfukoni. Zimebaki dakika arobaini tu apumzike."

"Nimeshanyoosha."

"Basi kunja!"

"Tumbaku ikishanyooshwa hairudishwi. Umesahau, au hukufundishwa?"

Dereva wa lori aliyekuwa akicheza akagonga meza. "Jamani, mnacheza au mnaswali? Nina karata nzuri kwa mara ya kwanza tangu Krismasi."

Ardith aliutazama mkono wa Leonard.

"Kazi hii ndiyo inayompeleka mume wangu Harlan kusafishwa damu," alisema taratibu. "Mara tatu kwa wiki. Unajua."

"Najua, dada." Hakukunja mkono.

Ardith akakipokea kifuko kwa mkono wa kushoto, ulio upande wa moyo.

Simu ya Dale ikaita papo hapo, kutoka chumba cha kamera. Alisikiliza, akaitikia mara tatu, akaikata. Jina lake la kweli alipewa na shangazi huyuhuyu akiwa na siku kumi. Hakuweza kumtazama.

"Beji, shangazi."

"Kwanza mlipe huyu bwana. Ameshinda."

Duluth ni mwendo wa saa tatu barabara ikiwa nzuri, na siku ile haikuwa nzuri. Jina haliokotwi, huja lenyewe, au lisije. Leonard aliniambia Ardith alifumba macho njia nzima, akasema mara moja tu: "Zima redio. Sijalipata bado." Mpaka wanaegesha gari hospitalini alikuwa hajalipata.

Alikesha kando ya kitanda. Alfajiri, wauguzi walipokuja na machela, aliwainulia kiganja. Wakasimama mlangoni. Akalitamka jina lililomjia usiku ule, mara nne, akigeukia pande nne za dunia, ndipo akawaacha wamchukue mtoto.