Chai ya Bwana Bahari

Kila asubuhi Bwana Bahari alinusa kikombe kwanza, akafumba macho, ndipo akanywa. Wateja wa Angelina, muuza chai wa Ipagala, Dodoma, walimpa jina hilo kwa sababu kazi yake ya maabara ilikuwa kupima maji ya bahari yaliyoletwa kwa chupa kutoka pwani, na bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Vidole vyake vilichujuka kwa kusuuza chupa, na sauti aliishusha kama anayetoa pole msibani.

"Dawa za wadudu za zamani haziozi, dada. Zimo kwenye matope, zimo kwenye samaki. Sisi wa Dodoma tumepona." Kisha husema kwa sauti kubwa, na hapo Angelina humwongezea sukari, maana sifa hizo ndizo zilizomletea wateja: "Chai hii ina ladha yake, sijaipata popote!"

Siku hiyo rangi ya pipa la maji ilikuwa imebanduka. Angelina alilinunua mnadani Msalato, biashara huria iliporuhusiwa na kila kitu kikauzwa. Chini ya rangi kulikuwa na alama ya fuvu na mifupa miwili, na jina la dawa ya wadudu. Bwana Bahari aliinama akasoma, akanusa kikombe chake upya.

"Dada, maji ya chai unachota humu?"

"Sasa nichote wapi, baharini?"

Watu wakacheka, mpaka walipomwona anamwaga chai yake chini na kujaza chupa yake ya maabara kwa maji ya pipa. Angelina akaanza kunyang'anya watu vikombe. Bwana Bahari akatoka, chupa kaikumbatia kama kichanga, na hakurudi tena, hata Angelina alipotundika ndoo mpya mlangoni ili aione tangu mbali.