Mbuzi wa Ukoo na Masikio ya Mdogo Wangu

Ugonjwa wa mdogo wangu ulikuja kwa utaratibu ule ule kila mara. Kwanza ngozi ya nyuma ya magoti ilimwasha mpaka akaikuna ikatoa damu. Halafu pua. Pua ikishaziba siku tatu au nne, homa ilipanda, na baada ya homa sikio la kushoto lilipasuka likatoa usaha wa manjano uliochafua shuka, mtandio wangu na shingo yake. Alikuwa hajafikisha miaka miwili. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata, mtoto akiwa na miezi minne, nami nikaacha shule kidato cha pili kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumbeba.

Mara ya tatu tulipokwenda kliniki, daktari aliniuliza kama mimi ndiye mama.

"Mimi ni dada yake."

"Mama yuko wapi?"

"Alifariki."

"Basi mama ni wewe. Sasa sikiliza. Huyu ana aleji. Maziwa ya ng'ombe acha kabisa. Na asilale penye vumbi, moshi wala wanyama. Aleji inavimbisha pua, pua inaziba njia ya sikio, uchafu unabaki ndani unaoza. Ukifuata dawa tu bila kuacha maziwa, utarudi hapa mpaka nistaafu."

Niliacha siku hiyo hiyo. Nikampa uji mwembamba, maharagwe ya kuponda, na chai ya rangi, ambayo kwetu hupewa mgeni usiyetaka arudi. Wiki chache zilipita bila usaha. Nilijiona hodari.

Habari zikafika Korbesa, kijijini kwa ukoo wetu. Shangazi yetu, dada wa baba, akashuka Isiolo mjini tulikoishi, na lori la mifugo akiwa na mbuzi jike anayekamuliwa. Kwetu mtu akifiwa au akipoteza mifugo, ukoo hukaa ukamtolea mnyama wa maziwa. Ulikuwa umechukua mwaka mzima na zaidi kukaa, lakini ulikaa, na huo ndio msaada pekee tuliopata kwao.

"Intala," akaniita, yaani binti, mbele ya majirani, "naambiwa unalea mtoto wa kaka yangu kwa maji."

"Daktari amekataza maziwa ya ng'ombe, Shangazi."

"Kwani huyu ni ng'ombe? Mwangalie vizuri. Umeona nundu?"

Wanawake wa ploti tuliyopanga wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa shukrani.

Mtu aliyekulia kwenye mifugo haoni maziwa kuwa kitu kimoja. Ya ngamia yana kazi yake, ya ng'ombe yana yake, na ya mbuzi ni mepesi, ni ya wagonjwa na watoto waliokosa mama. Hayo sikufundishwa na mtu, niliyajua tu. Sikumuuliza daktari kwa kuwa sikuona swali lolote la kuuliza. Mbuzi nilimlaza ndani pamoja nasi, maana mtaani kwetu mbuzi akilala nje asubuhi humkuti.

Ngozi ikarudi kuwasha. Pua ikafuata, kisha sikio, na safari hii hata la kulia likaanza kuvuja. Nilipoona anakonda, nikaongeza kikombe cha jioni. Alivyozidi kuugua ndivyo nilivyozidi kukamua.

Alinuka. Mwenye duka la kona, mama wa Kimeru ambaye kwa kawaida hakuwa na ubaya, aliniambia, "Wee, simama naye huko nje, hapa watu wananunua mkate." Watoto wa ploti walimpa jina: Usaha. "Usaha amekuja! Usaha, kimbia!" Naye aliwacheka, akapiga makofi, kwa sababu aliona vinywa vyao vinacheka.

Nilipaswa kuelewa hapo. Badala yake nilimchapa. Nilimwita kutoka nyuma asisogelee jiko, hakugeuka. Nikamvuta nikamzaba kofi, nikamwambia ana kichwa ngumu. Siyo siku moja. Kila aliponipuuza nilimchapa, na alinipuuza kutwa nzima.

Kliniki, daktari yule yule alisimama nyuma yake akapiga makofi upande wa kushoto. Mtoto aliendelea kuchezea kifungo cha nguo yangu. Akapiga upande wa kulia. Mtoto aligeuka, kwa kuchelewa, akatazama ukutani.

"La kushoto limetoboka vibaya. Halitarudi kuwa kama zamani," akasema. "La kulia bado linaokoleka, lakini si kwa muda mrefu. Anakunywa nini?"

"Ya mbuzi. Ya ng'ombe niliacha siku ile ile."

Aliweka kalamu chini. "Kwa aleji hii, mbuzi na ng'ombe ni mtu na ndugu yake. Unampa mara ngapi?"

"Asubuhi, mchana na jioni."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alinifundisha kusokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, kuutia sikioni, kuutoa ukilowa, kutia mwingine, mpaka utoke mkavu. Mara nne kwa siku nilimbana miguu kwa magoti yangu nikafanya hivyo huku akinipigia mayowe usoni. Siku ya tisa utambi wa kulia ulitoka mkavu.

Mnyama wa ukoo hauzwi wala hachinjwi bila idhini. Hurudishwa kwa aliyemleta. Tukapanda lori la Korbesa, mbuzi nyuma, mtoto mgongoni.

Shangazi alikuwa na wanawake wengine nyumbani. Tulisalimiana, nikamkabidhi mbuzi, nikaeleza.

"Maziwa yaliyomlea babako leo yamekuwa sumu?"

"Kwa huyu ni sumu, Shangazi."

"Kliniki imekuambia. Mama yako si alifia huko huko kliniki?"

Hakuna aliyecheka. Akainuka, akajaza kikombe kutoka kwenye kibuyu, akakiweka mikononi mwa mtoto. Mtoto alikikumbatia kwa mikono yote miwili. Siku tisa alikuwa hajaonja.

Nilikinyakua kikiwa kimefika mdomoni. Akapiga yowe. Kumwaga maziwa kwenye nyumba ya mtu ni kumtakia mkosi, na kuyarudisha ni kumtemea mate. Basi niliyanywa mimi, nimesimama, mdogo wangu amening'inia kwenye nguo yangu akiniuma paja. Yalikuwa ya vuguvugu, yana harufu ya moshi wa kibuyu. Nami pia nilikuwa nimeyakosa. Yalikuwa matamu.

"Mmejionea," Shangazi akawaambia wenzake. "Anamnyang'anya yatima maziwa anakunywa yeye."

"Lete kingine," nikasema. "Hicho pia nitakunywa."

Akajaza. Nikanywa. Cha tatu hakujaza. Aliniambia nisikanyage tena pale, na neno hilo amelishika hadi leo. Mdogo wangu anasikia kwa sikio la kulia. Siku ile tulikaa kivulini kusubiri lori la kurudi, nikasokota utambi mwingine, naye akanipiga ngumi kifuani mpaka akachoka.