Bibi Aliyemtaka Sesilia

Ubishi weka pembeni kwanza. Mimi ni Mpare, na watani wetu hutusema kwamba tunapenda kesi. Basi jua kwamba haya ninayokuambia ningeyasimamia mbele ya hakimu yeyote, kwa kiapo. Sikusimuliwa. Nilikuwepo mimi, mume wangu, na binti yetu Sesilia ambaye alikuwa hajaanza hata shule. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimelewa, na wachawi siwaogopi mpaka leo. Ninachokiogopa ni kitu kingine, utakisikia.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tuliishi Morogoro mjini, mimi nikifundisha shule ya msingi, mume wangu, Baba Sesi, akiwa fundi wa magari. Mzungu mmoja mpima miamba alipoondoka nchini alimwachia karavani: kijumba cha bati chenye magurudumu, kinachovutwa na gari, na ndani mna vitanda, meza ya kukunja na jiko la gesi. Mtaani walitucheka mpaka basi. "Mwalimu, vipi, mmefukuzwa nyumba?" Lakini Baba Sesi alikuwa na hamu yake ya siku nyingi, kutupeleka tukalale karibu na msitu, tuamke tukisikia mbega. Shule zilipofungwa akaifunga karavani nyuma ya Land Rover yake kuukuu, tukashika njia ya Matombo.

Kabla sijaendelea, lazima ujue jambo moja la nyumbani kwangu. Baba Sesi ni Mluguru. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Lukolo, kama wanavyouita ukoo, mtu huupata kwa mama yake tu. Kwetu Upare mtoto ni wa baba. Unaona mambo hayo? Kwao Sesilia alikuwa wa kwetu, na kwetu alikuwa wa kwao. Mama mkwe alipenda kutania: "Mwanangu, huyu mtoto mmemwokota wapi?" Watu walicheka, ila mume wangu hakucheka. Kila walipokaa kikao cha ukoo alisimama akasema Sesilia ni wao, ahesabiwe kama wajukuu wengine, na kila mara wazee walimjibu kwa upole kwamba hapana, mila ni mila. Kilimuuma sana. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na alitaka awe na watu.

Tulipata mahali pazuri chini ya milima, karibu na mto Ruvu, kule ambako joto ni kama la pwani na msitu unashuka hadi kwenye maji. Palikuwa na uwanja uliosawazika, migomba iliyoota ovyo, na mafiga matatu bado yamekaa mahali pake. Yalikuwa mahame. Wenyewe walishahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Baba Sesi akafurahi kwamba karavani itakaa sawa bila kuwekewa mawe, akairudisha nyuma mpaka mafiga yakawa chini ya sakafu yetu. Tungeomba ruhusa kwa nani? Nyumba zote zilikuwa zimeshaanguka.

Tulifurahi, sitasema uongo. Baba Sesi alimfundisha mwanawe kuogelea kwenye maji mafupi, nami nililala chini ya migomba nikisoma, mambo ambayo mke wa mtu hayapati nyumbani. Jumapili ndiyo tulipaswa kurudi. Lakini miaka ile, kwa kubana mafuta, gari la mtu binafsi likikutwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana ni kesi. Wao walikuwa mtoni wanacheza, mimi nimesinzia, kuja kushtuka muda umepita. Tukasema si neno, tutaondoka Jumatatu alfajiri.

Jioni ile nilikuwa nasonga ugali wa yanga, ule unga wa njano, mlango wa karavani uko wazi. Giza lilikuwa halijakolea. Mara akaingia mama mmoja mtu mzima, amejifunga kaniki.

Hakupiga hodi. Aliinama sana pale mlangoni, kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye mlango mfupi, na mlango wetu ulikuwa mrefu kumpita! Halafu akapita katikati, akazunguka kitu ambacho hakikuwepo, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Karibuni," akasema.

Nisikilize vizuri. Yeye ndiye aliyetukaribisha sisi.

"Shikamoo, bibi," Sesilia akaamkia, maana nilimlea kwa adabu. Bibi hakuitikia marahaba. Wewe umewahi kumwona mzee wa nchi hii anayeinyima mtoto marahaba? Nikajiambia labda hasikii vizuri. Nikampakulia ugali na mboga. Aliinamia sahani akavuta harufu yake, basi, hakugusa.

"Wamenipita wote," akasema, kwa Kiswahili cha mlimani, cha kuvuta maneno. "Lori limekuja, wamepakia vitu, wamepakia kuku. Wamesema watarudi wanichukue. Nani kanichotea maji tangu siku hiyo?"

Baba Sesi alimwonea huruma. Nami pia. Tulidhani ni kikongwe aliyesahaulika kwenye ule uhamisho; mambo hayo yalitokea. Akamwuliza, "Bibi, ninyi ni lukolo gani?" Bibi akautaja ukoo wake. Mume wangu akapiga kofi kwa furaha.

"Ndio ukoo wa mama yangu! Basi wewe ni bibi yangu kabisa."

Bibi akamtazama, kisha akamgeukia Sesilia. Akamwangalia kuanzia miguuni.

"Na huyu?"

Hapo ndipo ingetosha kusema ukweli kama ulivyo. Kila Mluguru anaujua. Lakini mume wangu alikuwa amenyimwa jibu hilo na wazee wake miaka yote, na sasa mzee wa ukoo amekaa mbele yake anauliza, na hakuna wa kumpinga. Akamkalisha mtoto mapajani.

"Wetu," akasema. "Ni wa lukolo letu huyu."

"Umesema wewe?"

"Nimesema mimi, baba yake."

"Basi nimepata mjukuu wa kukaa naye," akasema bibi. Unajua desturi yetu, bibi akibaki peke yake hupewa mjukuu amchotee maji na kulala naye. Si jambo la ajabu hata kidogo. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie kwa heshima kwamba huyu ni wa mjini, hawezi, nikamwona Sesilia ameteleza kutoka mapajani mwa baba yake. Alichukua sufuria ndogo, akamjibu bibi kitu kwa Kiluguru, kirefu, bila kukwama. Mtoto wangu hakujua Kiluguru. Hata baba yake alikijua cha kuombea maji tu.

Wakatoka. Bibi mbele, mtoto nyuma.

"Baba Sesi, simama!" nikapiga kelele. Alijaribu. Miguu ilimkatalia, akaanguka kati ya vitanda, macho yamemtoka. Nikamruka nikakimbia.

Niamini, majani yalikuwa marefu kufika kiunoni, na mwanangu aliyaacha yamelala alipopita, lakini pale alipotangulia yule bibi hata jani moja halikutikisika. Niliita Sesilia, Sesilia, hageuki. Nilimfikia ukingoni mwa mto, mguu mmoja uko ndani ya maji. Nikamkumbatia nimnyanyue. Sikuweza! Mtoto niliyembeba mgongoni wiki hiyohiyo alikuwa mzito kama gunia la mchanga uliolowa. Bibi alikuwa amesimama ndani ya mto, maji yanapita, wala hayamzunguki.

"Mwache," akasema. "Baba yake amenipa."

Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa tena. Lakini hofu ya mama ina meno, nayo ndiyo iliyonipa maneno. "Baba yake hana cha kutoa," nikasema. "Kwenu mtoto ni wa nani, bibi? Si wa mama? Mama yake ni mimi, na mimi ni Mpare. Kwenu huko sina hata shangazi. Umepewa na asiyekuwa na haki ya kutoa."

Mguu wa pili wa mtoto ukaingia majini, nami nikavutwa naye.

"Mwanamume ndiye aliyesema," bibi akajibu. "Na aseme yeye."

Baba Sesi alikuwa amefika, ametambaa kwa viwiko kwenye majani yale yote. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akalia. Alijua anachotakiwa kutamka. Lilikuwa neno lilelile ambalo wazee walimwambia kila kikao, na yeye akalikataa.

"Sema!" nikamwambia.

"Si wetu," akasema. "Bibi, nisamehe. Mtoto huyu si wa kwetu. Si wangu. Ni wa mama yake."

Uzito ukatoka mara moja, nikaanguka chali mtoto akiwa kifuani. Bibi hakukasirika, na hilo ndilo linaloniliza hadi leo. Alisema tu, "Kumbe nitakaa hivihivi," akageuka, na mto ukawa mto mtupu.

Tuliondoka alfajiri. Sesilia alikaa katikati yetu ndani ya Land Rover, mzima, anakula muhogo. Tulipofika barabara kubwa akaninong'oneza, "Mama, huyu anatupeleka wapi?" Baba yake akacheka, akadhani anataniwa. Nilimwona kicheko kikimkauka mdomoni.

Hakumwita baba tena. Tulimpeleka kwa mapadri, hospitali, kwa waganga, nisikufiche. Akili yake ni timamu, leo ni mwanamke mwenye watoto wake. Alimheshimu, alimsalimia, alimshukuru kwa ada na sare za shule kama unavyomshukuru jirani mwema. Baba Sesi hakuacha kumpenda hata siku moja. Tulipomzika kule mlimani, Sesilia alikaa upande wa wageni. Alipokuja kunishika mkono aliniambia, "Pole, mama. Naona mlipendana sana."

Kwa hiyo wewe unayenisikia, ukipita kwenye mahame, pita na njia yako. Na ukiulizwa mtoto ni wa nani, mwangalie kwanza anayeuliza. Neno lililomtoa mwanangu lilirudishwa. Lile la "si wangu", lililomrudisha, mpaka leo sijapata wa kuniambia linarudishwaje.