Unga wa Keto Ulioniponza Mbele ya Akina Mama

Jamani, hili nikilisimulia huwa nafunika uso kwanza, maana aibu yake haijapoa, na wale akina mama walioishuhudia wapo hai na wana afya njema, mmoja wao akinikuta mjini Kasese huanza kucheka kabla hata ya salamu.

Mimi ni fundi cherehani, kazi ya kukaa kutwa, mwili ukawa umejaa (mume wangu Bwambale alikuwa anasema ni afya, nami sikumbishia), mpaka kiu ikawa haiishi na nyayo zinawaka moto, nikaenda zahanati, nikaambiwa nina ugonjwa wa sukari. Daktari akanipa vidonge, akasema nipunguze ugali wa mahindi tunaouita posho, matoke, wali, na muhogo ndiyo niuogope kabisa. Sasa niambieni, Mkonjo akatazwe bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki yupo mezani, aishi kwa ajili gani? Nililia njia nzima.

Kabugho, dada yake Bwambale, aliposikia tu akaacha shamba lake la kahawa kule Mahango, akashuka mlima na kikapu chake, akaja kunipikia. Hakuitwa na mtu.

Siku moja ya soko nikaenda Bwera, mpakani na Kongo, kutafuta vitenge. Mama Kavira, mfanyabiashara wa kutoka Butembo ambaye nimenunua kwake miaka mingi, siku hiyo pembeni ya vitenge alipanga pakiti za unga zinazong'aa, zina picha ya mwanamke wa kizungu mwembamba kama ufito, na neno KETO limeandikwa kubwa, chini yake: hakuna wanga, hakuna sukari, salama kwa wagonjwa.

"Mama, hii iko chakula na iko dawa," akaniambia. "Bazungu beko nakula hii, banakonda. Mutu ya sukari anakula mpaka anashiba, hakuna matata."

"Imetengenezwa na nini?"

"Nazi. Na mbegu fulani ya kwao, mi sijue jina."

Nikanunua (bei msiniulize, Bwambale bado hajui). Kabugho akausonga kama posho, nikatia tonge la kwanza mdomoni, nikafumba macho. Bundu! Ladha ni ya bundu, kunata ni kwa bundu, hata harufu. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo hapo, lakini mimi nikasema moyoni, hawa wazungu ni hatari, wameiga mpaka harufu. Tangu siku hiyo asubuhi ni uji wake, mchana ugali wake, jioni ugali tena, na pakiti zikiisha narudi Bwera.

Niliporudi kupimwa, sukari ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Daktari akaniuliza ninakula nini, nikamwambia chakula cha wagonjwa tu, cha pakiti, akanitazama kama ninamdanganya. Nikapanda bodaboda kurudi nyumbani, na naona shetani naye alipanda nyuma yangu, maana nilianza kuwaza: kama pakiti inasema hakuna sukari, hii sukari inatoka wapi? Nani ananipikia? Nani ananimiminia chai? Na mtu mwenye akili zake anaachaje kahawa imeiva mtini aje kuosha sufuria za mke wa kaka yake?

Basi nikawa askari wa nyumba yangu. Sukari nikaifungia kwenye droo ya cherehani, kila kikombe nakinusa kabla ya kunywa, Kabugho akiniuliza kuna nini najibu mafua. Siku moja nikachungulia dirisha la jikoni nikamwona anageuza shingo kutazama nyuma huku anamimina kitu cheupe kwenye sufuria yangu, moyo ukanipasuka. (Shingo aliigeuza kukwepa moshi. Kitu cheupe kilikuwa unga wangu mwenyewe, mbona nilikuwa nimemwagiza uji! Lakini mwenye shaka hana macho.)

Ningemwita Bwambale chumbani tukazungumza, yangeishia pale. Mimi nikasema hapana, nataka mashahidi, nikasubiri Jumapili, zamu yangu ya kupokea akina mama wa kanisani kwa maombi.

Sebule ikajaa. Baada ya amina, Kabugho akaingia na birika, akaanza kumimina kwa heshima zote. Nikasimama.

"Akina mama, niombeeni pia, kuna mtu ananiua ndani ya nyumba hii. Kabugho ananitilia sukari kwenye chai. Onjeni kikombe changu!"

Kikombe kikapita mkono kwa mkono, kila anayeonja anakunja uso, mpaka kikamfikia Biira, muuguzi mstaafu.

"Masika, chai hii haijaona sukari," akasema. "Unakula nini kingine?"

Nikajibu kwa maringo, nikakimbilia jikoni, nikaleta ugali wangu na pakiti yake. "Hiki tu. Hakina wanga, someni wenyewe."

Biira akamega, akatafuna, akaacha kutafuna. Akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu.

"Hii si bundu?"

"Ni ya nazi!" nikapiga kelele.

"Nazi gani? Bundu nimeila tangu sina meno."

Kicheko kilichofuata kilisikika barabarani, mpaka mama mmoja akauliza samaki wa kulia bundu hiyo yuko wapi. Ambaye hakucheka ni Kabugho. Aliweka birika chini, akachukua kikapu chake, akawaaga wageni mmoja mmoja, mimi akanipita.

Kesho yake nikawa Bwera namfokea Mama Kavira mbele ya soko zima, mpaka askari wa mpakani akaja: "Wewe mama, kelele ya nini? Funga mdomo!" Kavira akajitetea. "Hata mi niko na sukari, mama. Mi nakula hii kila siku. Banatuleteaka tu na gari." Akafunua sahani nyuma ya vitenge, ugali ule ule, umeliwa nusu. Mpaka leo sijui kama alidanganywa kama mimi, au sahani ile huwekwa pale kungoja watu wa kelele. Nikageuza pakiti: haina jina la kiwanda wala la mji. Kumbe muda wote nilisoma upande wenye picha tu.

Kutoka hapo ni Mahango, kupanda mlima na nyayo zangu zinazowaka. Nilimkuta Kabugho anachuma kahawa, hakusimama. Nikapiga magoti kwenye udongo. "Wifi, nisamehe."

Akachuma tawi zima kwanza. "Masika, ungekufa na huo unga wako. Ungekufa ukiwa umeshawaambia watu ni mimi. Watoto wangu wangepita wapi?"

Nikainuka, nikachuma naye mpaka kikapu kikajaa.

Alinisamehe, alisema hivyo mbele ya Bwambale. Lakini akija Kasese sasa anakaa sebuleni kama mgeni, jikoni haingii, anangoja nimwandalie. Mimi nimeapa: kabla ya kumshuku anayenipikia, nitakishuku kwanza kile ninachopenda kula.