Kilio Ulichokitambua Ubongo

Nilikuwa mkalimani katika utafiti wa akili za wanawake waliojifungua karibuni. Daktari aliyeuongoza alikuwa mwanamke mpole kutoka pwani, hajui Ekegusii hata salamu. Akina mama waliokuja kwenye chumba chetu mjini Kisii, wengi Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni tu. Mimi, mzaliwa wa Nyamira, nikakaa katikati yao.

Siku moja alikuja mama kijana kutoka Nyamache. Mtoto wake mchanga alikuwa mgongoni kwa mama mkwe.

"Mwambie daktari ukweli," yule mama kijana akaniambia kwa Ekegusii, macho sakafuni. "Mtoto akilia, sisikii kitu hapa." Akajigusa kifuani. "Namnyonyesha kama mtu anayechuma majani chai. Mikono inafanya tu."

Mama mkwe akashusha pumzi. "Tumemwombea. Watu wanasema hana moyo wa uzazi."

Daktari akamjibu, kwa kinywa changu, kwamba huo ni ugonjwa na unatibika. Angepelekwa kliniki siku hiyohiyo, ashiriki utafiti au asishiriki. Yule mama akasema atashiriki.

Tulirekodi kilio cha mwanawe, kisha tukamvisha mama kofia laini yenye nyaya za kunasa umeme mdogo wa ubongo. Tukamsikilizisha vilio vingi, cha mwanawe kikichanganywa na vya watoto wengine, bila kumwambia kipi ni cha nani. Alikaa uso mkavu. Tulipomaliza nikamuuliza kama alimtambua wake.

"Vyote ni vilio tu."

Kompyuta ilipokwisha kulinganisha, akaomba kuona. Daktari akasita, halafu akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mstari wa buluu, wa vilio vya watoto wa wenzake, ulipanda kidogo ukashuka. Mwekundu ulipanda juu kuliko huo, ukakawia kushuka.

"Huu mwekundu ni wa nani?" akauliza.

"Ni wako," daktari akasema, "ukimsikia mwanao."

Maneno mepesi, lakini nilishindwa kuyatafsiri. Nilikuwa nimeitazama mistari ya namna hiyo miezi mingi nikiiona ni kazi kama kazi nyingine, na kumbe ndani ya mtu mna kitu kinachomjua mwanawe huku mwenyewe akiapa hamjui! Nami nimezaa, nimelea, sikuwahi kuwaza kwamba kichwani mwangu kulikuwa na mkesha wa aina hiyo.

Nilipoyasema hatimaye, yule mama alisogeza kidole hadi karibu na kioo, asikiguse.

"Mwambie pia mstari haupimi upendo," daktari akanihimiza. "Unaonyesha tu kwamba ubongo umezitofautisha sauti."

Nikamwambia. Sidhani alinisikia. Mama mkwe alikuwa ameinuka, akamwekea mkono begani, na wote watatu wakabaki wanatazama, mtoto naye macho wazi.

Matibabu yalikwenda polepole. Kuna wiki alizokata tamaa, mama mkwe akamsindikiza kliniki kwa kumbembeleza. Miezi ikapita. Nikakutana na yule mama kijana sokoni Daraja Mbili akichagua sweta za mtumba za mtoto, amenenepa kidogo.

Nikamuuliza hali.

"Sijui ilikuwa siku gani," akasema. "Nilikuwa shambani, mtoto nimemwacha na nyanya yake. Nikashtukia nimemkumbuka. Nikaliacha jembe palepale, nikaenda nyumbani."